Uso Unaumbwa Kabla Mama Hajajua

(Hotuba kwa wazazi, wakunga na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, Moshi, mwezi Machi)

Mheshimiwa mwenyekiti, viongozi wetu wa dini, wahudumu wa afya mliotoka Kibosho, Marangu na Himo, na ninyi wa Arusha mliodamka alfajiri kuwahi basi: wazee wangu, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo. Bwana asifiwe, na asalaam aleikum.

Kila tarehe 3 Machi, tangu mwaka 2015, nchi nyingi duniani huadhimisha siku ya watoto wanaozaliwa na kasoro za maumbile. Nimeombwa nizungumzie kasoro za macho na uso, nami nikakubali haraka. Nimefanya kazi ya ukunga na sasa nafundisha wakunga, na katika yote niliyoyaona chumba cha kujifungulia sijaona jambo linalovunja nyumba ya watu upesi kama mtoto aliyezaliwa na uso uliopasuka. Mtoto mwenye tundu kwenye moyo hupokewa kwa vigelegele, maana tundu lake halionekani. Huyu wa mdomo uliopasuka hupokewa kwa ukimya. Mama hajaoga bado, tayari swali limeshafika mlangoni: huyu mwanamke amefanya nini?

Swali hilo ndilo lililonileta. Nitalijibu kwa kuwaeleza uso wa mtu unavyoumbwa, kwa sababu naamini anayejua uso unaumbwa lini na namna gani hawezi tena kumnyooshea mama kidole. Na nina neno la pili kwenu. Kuna muda ambao hakuna yeyote kati yetu anaweza kuugusa, na kuna muda mwingine, baada ya mtoto kuzaliwa, ambao uko mikononi mwetu kabisa. Huo wa pili tunaupoteza kwa kuficha watoto.

Tuelewane kwanza kwenye hesabu. Kliniki tunahesabu mimba tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, lakini mtoto hutungwa wiki mbili hivi baadaye. Mama akiambiwa ana mimba ya wiki sita, aliyemo tumboni ana wiki nne. Leo nitatumia umri wa mtoto mwenyewe, tangu kutungwa.

Wiki ya nne, basi. Kiinitete kina urefu wa milimita nne hivi. Uso haupo. Kuna shimo dogo tu litakalokuwa mdomo, na limezungukwa na vivimbe vitano: kimoja juu, cha paji la uso na pua, viwili pembeni, vya taya la juu, na viwili chini, vya taya la chini. Ndani ya vivimbe hivyo kuna seli zilizosafiri kutoka ukingoni mwa mfereji wa neva, pale ubongo unapojikunja na kujifunga. Hizo ndizo zitakazojenga sehemu kubwa ya mifupa na gegedu za uso. Zikiwa chache, au zikichelewa njiani, uso utapungukiwa mahali.

Taya la chini huungana mapema, na ndiyo maana mpasuko wa mdomo wa chini ni nadra sana. Kazi ngumu iko juu. Kwenye kile kivimbe cha paji hutokea vishimo viwili vya pua, kila kimoja na ukingo wa ndani na ukingo wa nje. Wakati huohuo taya la juu, kulia na kushoto, linakua kuelekea katikati. Wenzangu mliokulia mlimani mnajua mifongo, maji yanavyoletwa kutoka pande mbili mpaka yakutane shambani. Uso wa mtu unajengwa hivyo: nyama inatoka pembeni, inakuja katikati, na ni lazima ifike kwa wakati. Wiki ya sita na ya saba, taya la juu linakutana na ukingo wa ndani wa pua. Ngozi nyembamba iliyo kati yao inavunjika, nyama inashikana na nyama, na mdomo wa juu unakuwa mmoja.

Kila mmoja ajiguse chini ya pua. Kile kimfereji unachokisikia kwa kidole, na kingo zake mbili, ni mahali palipoungana kabla mama yako hajamwambia mtu yeyote kwamba ana mimba. Mtoto mwenye mpasuko wa mdomo, huu ambao mitaani mnauita mdomo sungura, hakukatwa na chochote wala hakuchanika. Sehemu mbili hazikufika kukutana. Ndiyo maana mpasuko huwa pembeni mwa kimfereji, mara nyingi kushoto kuliko kulia, na wakati mwingine pande zote mbili.

Kaakaa, yaani paa la mdomo, hufuata baadaye. Mwanzoni pande zake mbili zinaning'inia wima, moja kila upande wa ulimi, kwa sababu ulimi umejaa mdomo mzima. Taya la chini linapokua, ulimi unapata nafasi ya kushuka. Hapo zile pande mbili zinainuka, zinalala kwa usawa juu ya ulimi, zinakutana na kuungana kuanzia mbele kwenda nyuma, mpaka karibu wiki ya 12. Kwa watoto wa kike hatua hii huchelewa kama wiki moja, na wataalamu wengi wanaona hiyo ndiyo sababu mpasuko wa kaakaa peke yake huwapata zaidi wasichana, ilhali ule wa mdomo huwapata zaidi wavulana.

Wakunga, naomba mnisikilize hapa. Wakati mwingine tatizo la kwanza ni taya dogo. Taya la chini halikukua vya kutosha, ulimi ukabaki juu, na pande za kaakaa zikakosa pa kupita. Mtoto huyo anazaliwa na kidevu kidogo kilichorudi nyuma na kaakaa lililo wazi, na ulimi wake unaweza kurudi nyuma ukaziba koo. Ukimlaza chali anahangaika kupumua, kifua kinabonyea, anakuwa wa bluu. Mlaze kifudifudi, au kwa ubavu, ulimi uje mbele kwa uzito wake wenyewe. Kisha andika rufaa na mpeleke akiwa amelala hivyohivyo, na mtu wa kumwangalia asimwondolee macho njia nzima. Kugeuza mtoto hakuhitaji mashine wala dawa, na kunaokoa maisha.

Sasa macho, na hapa nitakaa kidogo.

Jicho linatoka kwenye ubongo. Siku ya 22 hivi, kwenye tishu itakayokuwa ubongo wa mbele, vinaonekana vishimo viwili vidogo vinavyochomoza kwenda pembeni. Lakini kabla ya hapo eneo la macho lilikuwa moja tu, katikati. Linagawanyika kwa sababu tishu iliyo chini yake inatuma ujumbe wa kikemikali unaotokana na jeni inayoitwa SHH. Ujumbe huo ukifika, pande mbili zinaachana, na ubongo wa mbele nao unagawanyika kulia na kushoto. Usipofika, vinabaki kimoja.

Ushahidi wa jambo hili ulitoka kwa wafugaji, na nawaomba ndugu zangu wa Monduli na Longido waupeleke nyumbani. Katika miaka ya 1950, huko Idaho, Marekani, wafugaji walianza kupata wana-kondoo wenye jicho moja katikati ya uso. Watu walidhani ni ukoo mbaya wa kondoo. Watafiti wa wizara ya kilimo ya nchi hiyo walihangaika miaka mingi mpaka wakaupata mmea wa porini, Veratrum californicum, unaoota milimani magharibi mwa Marekani. Kondoo aliyeula siku ya 14 ya mimba ndiye aliyezaa mwana-kondoo wa jicho moja. Aliyeula baada ya siku hizo kupita hakupata tatizo hilo. Sumu yake ilipewa jina saiklopamini, na miaka mingi baadaye ikafahamika kwamba inazuia uleule ujumbe wa SHH. Siku ya 14! Hakuna mfugaji hapa anayeweza kumtazama kondoo wa siku 14 akajua kwamba ana mimba.

Kwa binadamu hali hiyo ipo, ingawa mimba nyingi za namna hiyo hutoka zenyewe, na mtoto akifika kuzaliwa huishi muda mfupi sana. Chanzo huweza kuwa jeni yenyewe, au kromosomu ya 13 kuwa tatu badala ya mbili, na kisukari cha mama kisichodhibitiwa huongeza hatari. Najua wamo humu ndani wakunga waliowahi kumpokea mtoto wa aina hiyo wakanyamaza miaka yote, wakiogopa kwamba waliona jambo la giza. Dada zangu, mlimpokea mtoto ambaye ubongo wake haukugawanyika. Mama yake alistahili kuambiwa hivyo, kwa upole, na kuruhusiwa kumzika mwanawe kama watu wengine.

Turudi kwenye jicho linaloendelea vizuri. Kile kichomozo kinajikunja kuwa kikombe, na chini yake kinabaki ufa unaopitisha mishipa ya damu. Ufa huo hufunga wiki ya sita na ya saba. Usipofunga vizuri, mtoto anazaliwa na pengo upande wa chini, kuelekea puani: utaona mboni nyeusi imeteremka badala ya kuwa duara. Pengo hilo linaitwa koloboma. Likiishia mbele, mtoto anaweza kuona vizuri. Likifika nyuma kwenye retina au mshipa wa neva, uoni unapungua. Kwa hiyo mboni iliyoteremka ni sababu ya kupelekwa kwa daktari wa macho, hata kama mtoto anafuata uso wa mama yake bila shida. Wapo pia wanaozaliwa na jicho dogo kupita kiasi, au bila jicho kabisa, kwa sababu kikombe hakikukua. Na kuna jeni nyingine, PAX6, ambayo ikiharibika nakala yake moja tu, mtoto anazaliwa bila ile duara yenye rangi inayozunguka mboni, na mwanga wa jua la kawaida unamuumiza.

Lenzi inatokana na ngozi ya juu iliyo mkabala na kikombe. Inazama ndani, inajifunga, inakuwa angavu. Hii ndiyo sehemu ambayo rubela, ugonjwa wa virusi unaoleta vipele, inaipenda. Mwaka 1941 daktari wa macho wa Sydney, Norman Gregg, aliona watoto wachanga wengi mno wenye mtoto wa jicho, yaani lenzi yenye ukungu. Aliwasikiliza mama zao. Waligundua, wao na yeye, kwamba karibu wote waliugua rubela mwanzoni mwa mimba, katika mlipuko wa mwaka uliotangulia. Kabla ya hapo madaktari wengi waliamini kwamba kasoro za kuzaliwa zote ni za kurithi. Daktari yule alijua kusikiliza mazungumzo ya akina mama kwenye foleni, na sifa hiyo naiomba kwa kila mwanafunzi wangu.

Sasa rudini kwenye lile swali la mlangoni. Uso unaanza kuumbwa wiki ya nne, na mdomo unafungwa wiki ya saba. Mama ambaye hedhi zake hazina mpangilio, wiki ya nne hajui lolote. Na sisi huku wengi tunaanza kliniki mimba ikiwa na miezi mitatu, minne, hata mitano. Siku anapopewa kadi, mdomo, kaakaa na macho ya mtoto vimeshakamilika au vimekaribia kukamilika, vizuri au vibaya. Mnamwambia alimcheka mlemavu. Mnamwambia ni laana ya babu, au alitoka nje ya ndoa. Muulizeni basi, alimcheka nani katika wiki ambazo hata yeye mwenyewe hakujua ana mimba?

Na baba je? Jeni za uso zinatoka kwa wote wawili. Kuna aina moja ya mpasuko, inayotokana na jeni IRF6, ambayo alama yake kwa mzazi inaweza kuwa vishimo viwili vidogo kwenye mdomo wa chini, basi. Baba anaweza kuwa navyo maisha yake yote, havimuumi, hakuna aliyewahi kumwambia ni kitu gani. Kila mtoto wake ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuirithi. Nayasema haya ili tuache kesi zinazosikilizwa upande mmoja, maana simtafuti mshitakiwa mpya. Kwa watoto wengi wenye mpasuko hakuna sababu moja inayopatikana: ni jeni nyingi ndogo, na mazingira, na wakati. Duniani kote ni kama mtoto mmoja katika kila 700, matajiri na maskini, wacha Mungu na wasiomjua.

Je, hakuna la kufanya kabla? Lipo, ingawa haliondoi hatari yote, na atakayewaambia linaiondoa yote anawadanganya.

La kwanza ni chanjo. Tanzania tumeanza chanjo ya surua na rubela mwaka 2014, watoto wanapata wakiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Watu wanadhani ni ya kumlinda huyo mtoto na vipele. Inamlinda pia mjukuu wako ambaye hajatungwa. Mwanamke asiye na kinga akiambukizwa rubela mwanzoni mwa mimba, uwezekano wa virusi kumfikia mtoto ni kama asilimia 90, na mtoto anaweza kuzaliwa na mtoto wa jicho, moyo wenye kasoro na masikio yasiyosikia, vyote kwa pamoja. Mzazi anayeruka dozi ya miezi 18 kwa sababu mtoto ana afya, nakuomba usiiruke. Chanjo hiyo haitolewi mama akiwa mjamzito, hivyo muda wake ni utotoni.

La pili, foliki asidi, mikrogramu 400 kwa siku, kuanzia kabla ya kushika mimba. Mfereji wa neva unafunga siku ya 28 hivi, na ushahidi kwamba vidonge hivi vinazuia mgongo wazi na kichwa kisichofunga ni imara kabisa. Kwa mpasuko wa mdomo ushahidi si imara kiasi hicho, nami sitautia chumvi. Lakini hakuna sababu ya kungoja. Unga wa viwandani unatakiwa kuongezwa virutubisho, foliki asidi ikiwemo. Mahindi yako unayopeleka mashine ya jirani hayana nyongeza hiyo. Msichana anayepanga ndoa aende zahanati aombe vidonge, bila kusubiri kutapika asubuhi.

La tatu ni pombe, na hapa najua nimekanyaga pazito, maana niko Kilimanjaro. Mbege ina heshima yake. Inaunganisha koo, inamaliza ugomvi, hakuna posa bila mbege. Sijaja kuitukana. Lakini kileo ni kileo, kiwe cha ndizi na ulezi au cha chupa. Pombe hupunguza zile seli zinazojenga uso, na mtoto wa mama aliyekunywa sana anaweza kuzaliwa na macho yaliyo mafupi kutoka kona hadi kona, mdomo wa juu mwembamba, kile kimfereji cha chini ya pua kimefutika, na ubongo ulioumia usiopona. Hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama kwa mjamzito. Wazee mnaogawa kata kwenye sherehe, bi harusi akikataa mnampa sura gani? Mpeni togwa, na asiulizwe swali.

Dawa nazo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 dunia ilijifunza kwa uchungu kupitia thalidomaidi, dawa ya usingizi na kichefuchefu iliyoingia sokoni Ujerumani mwaka 1957. Hatari yake ilikuwa kati ya siku ya 20 na ya 36 hivi. Waliomeza mwanzoni mwa siku hizo walipata watoto wenye masikio na macho yaliyoathirika. Waliomeza baadaye kidogo, mikono na miguu. Leo, kwenye maduka yetu ya dawa, walioko karibu zaidi na hatari ni wanawake wanaotumia dawa za kifafa, hasa valproeti, wanaotumia methotreksati, dawa ya saratani na ya baridi yabisi, na wanaomeza vidonge vya chunusi vya aisotretinoini. Mwenye kifafa asiache dawa kwa kuogopa maneno yangu! Degedege inaua mama na mtoto. Aende kwa daktari kabla ya mimba, abadilishiwe. Na mwenye kisukari vivyo hivyo, sukari ishuke kwanza.

Nimefika kwenye sehemu iliyonileta hasa. Mtoto ameshazaliwa.

Mkunga, neno lako la kwanza litakaa kwenye kichwa cha mama huyo mpaka azeeke. Usitoke nje kumwita mwenzako kwa macho. Usimfunike mtoto uso. Mpe mama mwanawe, ngozi kwa ngozi, umtaje kwa uzuri wake, halafu umweleze: mdomo wa mtoto haukukutana tumboni, hukufanya kosa, kuna upasuaji. Maneno hayo yanatosha kwa saa ya kwanza.

Kisha ingiza kidole kisafi mdomoni na utumie tochi, uangalie kaakaa. Usiridhike kwa kuona mdomo wa nje ni mzima, kwa sababu kaakaa linaweza kuwa wazi peke yake na likagunduliwa mtoto ameshakonda. Mwenye mpasuko wa mdomo peke yake mara nyingi ananyonya. Titi lenyewe linaziba pengo. Mwenye kaakaa wazi hawezi kuvuta, kwa sababu hewa inapita puani. Ananyonya nusu saa, anachoka, analala na njaa, na watu wanasema ni mtoto mpole. Hapo ndipo watoto wanapokufa, kwa njaa, maziwa ya mama yakiwa yamejaa kifuani. Mama akamue, mtoto akalishwe wima, anyweshwe kwa kikombe kidogo au kijiko, taratibu, acheuliwe mara kwa mara. Maziwa yakitokea puani asiogope, apumzike kidogo aendelee. Apimwe uzito kila wiki: baada ya siku za mwanzo, gramu 20 hadi 30 kwa siku ndizo tunazotafuta.

Upasuaji wa mdomo kwa kawaida hufanyika mtoto akiwa na miezi mitatu hivi, akishafika kilo tano na damu yake ikiwa ya kutosha. Wa kaakaa, kati ya miezi 9 na 18, kabla maneno hayajakomaa, maana ukichelewa sauti inazoea kutokea puani. Shirika la Smile Train hugharimia upasuaji huu katika hospitali inazoshirikiana nazo hapa nchini, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba lazima uuze ng'ombe. Na masikio yapimwe, kwa kuwa misuli ileile ya kaakaa ndiyo inayofungua njia ya hewa ya sikio. Mtoto wa kaakaa wazi hujaa majimaji masikioni akaonekana mjinga kumbe hasikii.

Mdomo unaweza kusubiri kidogo. Jicho halisubiri, na hili ndilo jambo linaloniumiza kuliko yote.

Ubongo unajifunza kuona katika wiki na miezi ya kwanza. Ukiletewa ukungu muda huo, unaacha kujifunza, na hata jicho likisafishwa baadaye ubongo haujui la kulifanyia. Mtoto wa jicho aliyekomaa kwenye jicho moja anatakiwa kutolewa karibu na wiki ya sita. Kwenye macho yote mawili, ndani ya miezi miwili hivi ya mwanzo. Halafu miwani, na kurudi kliniki miaka. Wazazi wanaletwa kwetu na mtoto wa miaka miwili, mitatu, wanasema waliambiwa wasubiri akue apate nguvu. Mama mmoja wa huku mlimani alisema bibi alimzuia kumtoa nje mpaka ukoo ukae kikao. Kikao kilikaa mwaka mzima. Mtoto alipasuliwa vizuri sana, na haoni kusoma.

Kwa hiyo tazameni mboni. Weupe au kijivu ndani ya ile nyeusi, siku yoyote, ni rufaa ya wiki hiyohiyo. Ukipiga picha kwa simu yenye mwanga, jicho moja likaonekana jekundu na jingine jeupe, usiifute picha hiyo, ipeleke. Weupe huo unaweza kuwa mtoto wa jicho, na unaweza kuwa saratani ya retina, ambayo ikiwahiwa mtoto anapona na ikichelewa inamuua. Macho makubwa yanayopendwa na majirani, yanayotoa machozi na kukimbia mwanga, huenda ni presha ya macho ya kuzaliwa. Hayo nayo hayana siku ya kesho. Maziwa ya mama, mate, maji ya majani, asali: msitie chochote machoni.

Hospitali hatukosi. KCMC ipo hapa chini ya mlima tangu 1971, ina idara ya macho inayotibu watoto kutoka mikoa yote ya kaskazini. Kwa wengi kilicho mbali ni ruhusa ya kutoka nyumbani. Baba, ruhusa hiyo ni yako na nauli ni yako. Mchungaji, padri, shehe: siku ya kubatiza au akika, mama huyo akae mbele na mtoto wake akiwa hajafunikwa.

Wengi mmeniuliza kuhusu mimba inayofuata. Wazazi wenye mtoto mmoja wa mpasuko wa mdomo, nao wenyewe hawana, uwezekano wa wa pili ni kama asilimia 4. Maana yake katika wazazi mia, 96 hivi watapata mtoto asiye na mpasuko. Zaeni mkipenda, anzeni foliki asidi mapema, na ombeni kipimo cha ultrasaundi karibu na wiki ya 20 kwa hesabu ya kliniki, ambacho mara nyingi huonyesha mpasuko wa mdomo ingawa wa kaakaa peke yake hukiponyoka.

Mwenyekiti, naomba niishie hapa kwa sababu muda wa mabasi ya Arusha unakaribia. Nitakaa kwenye meza ile karibu na mlango nikiwa na tochi na daftari la rufaa. Wenye watoto chini ya miezi mitatu waje kwanza, hata kama mnaona macho yao ni mazima. Baba zao waje nao.